Mtani Aliyegawa Mawingu

Saa tisa na robo wingu la kwanza lilisimama juu ya vilima vya Nyang'oro, na Elieza Chilewa akaanza kunitukana.

"We Mhehe," alisema redioni, "umeamka, au bado unamkimbiza mbwa wa kitoweo?"

Nilimwambia nimeamka tangu alfajiri, ila nilikuwa namsubiri yeye amalize kuomba omba barabarani ndipo nimpe nafasi. Akacheka. Nyuma yake nilimsikia mama yake, Bibi Nyemo, akimpa tusi zuri zaidi la kunijibu, na Elieza akalirudia neno kwa neno kama alivyoagizwa. Sitaliandika hapa. Lilihusu miguu yangu.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza kila siku ya msimu wa mvua, Jumapili ikiwemo. Mimi Perpetua Kihwele, Mhehe wa Kalenga, mwenye miaka hamsini na miwili na magoti mabovu, nilikaa kwenye chumba cha vioo juu ya kilima nikiwagawia Wagogo mawingu. Kwetu Iringa mawingu yaligawiwa na Mgogo mmoja wa Mpwapwa, na mama yangu mzazi alikuwa akimtukana kwa bidii hiyohiyo.

Sheria ndiyo iliyotaka. Zamani kidogo mawingu yaligawiwa na Mizani peke yake, yaani ile mashine, na Mizani haikukosea hesabu hata mara moja. Watu waliichukia mno. Walizitungua kwa mishale mwewe zake, zile ndege ndogo zisizo na rubani zilizoongoza mawingu, wakachoma moto vipimo vyake vya mvua, na vijiji viwili vilipigana kwa sababu kimoja kilinyeshewa na kingine kikatazama. Kunyimwa na kitu kisicho na uso kunauma kuliko kunyimwa kwenyewe. Halafu kwenye kikao kimoja pale Mtera mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote aliuliza kwa nini wasinyimwe na watani. Mtani akikunyima unamtukana, naye anakutukana, mnacheka, kesho mnaonana. Kikao kizima kilicheka, kisha kikapiga kura. Tangu hapo Mizani ilipiga hesabu, na mtani ndiye aliyetangaza.

Siku ile, Jumatano, joto lilikuwa digrii arobaini na moja na mawingu yalikuwa mawili tu. Mizani iliyaonyesha kwenye kioo, madogo na manene, yakipanda haraka kutoka kwenye mawe ya moto ya ukingo wa vilima. Mawingu ya ukame ndivyo yalivyo. Hayatandi. Linasimama moja hapa na jingine kule, linanguruma mchana kutwa, na likianguka linaweza kulowesha upande mmoja wa barabara na kuuacha wa pili na vumbi lake. La kwanza Mizani ililipeleka mraba wa Ikombo, mmoja kati ya maeneo kumi na mawili niliyoyagawia. La pili ililipeleka mbali zaidi, kaskazini. Mraba wa Chilungulu, kwa akina Elieza, haukupewa kitu, kwa kuwa wiki tatu nyuma kipimo chao kilisoma milimita arobaini na mbili.

Ndipo Elieza akasema yale maneno. Niliyasikia vizuri, siwezi kuisingizia redio.

"Mtani, ile mvua mliyotuandikia ilinywewa na kipimo peke yake. Sisi tuliambulia ngurumo. Mkiendelea hivi njoo na jembe lako utuzike kabisa."

"Nitakuja nalo," nilimjibu, "ila mchinje mbuzi aliyenona. Mimi siziki watu nikiwa na njaa."

Bibi Nyemo alicheka mpaka akakohoa. Nami nikabonyeza kitufe.

Mbele yangu palikuwa na vitufe viwili vya maneno. Kimoja kiliandikwa DAI na kingine UTANI. Kila walichosema wasemaji wa miraba kilipita kwangu kwanza, na nilikiwekea alama. Dai lilikwenda kwa Mizani, ikalipima. Utani ulifutwa. Mwaka wa kwanza, kabla sijaajiriwa, vitufe hivyo havikuwapo, na Mizani ilipokea matusi yote kama habari za hali ya hewa. Siku moja ilipeleka gari la wagonjwa kwa mwanamke aliyesema amekufa kwa kiu huku akila tikiti. Kwa hiyo wakamweka binadamu achambue. Nilikuwa hodari katika hilo na nilijivuna.

Nilibonyeza UTANI. Ilikuwa mara ya tatu kwa habari ileile, ingawa siku ile sikuhesabu.

* * *

Siku nne baadaye Elieza alipiga redio saa mbili asubuhi, saa ambayo hakuna wingu la kugawa. Hakunitukana. Alisema mama yake amefariki jana mchana. Joto lilifika arobaini na tatu, Bibi Nyemo alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake anatazama upande wetu wa Nyang'oro kama kawaida yake, akainamisha kichwa, wakadhani amesinzia. Watazika kesho saa nne. Mimi nikatoa pole kwa Kigogo changu kibovu, na yeye akasema tu, "Njoo ufanye kazi yako."

Mgawaji haruhusiwi kukanyaga miraba anayoigawia, asije akazoea nyuso na kupendelea. Msiba peke yake ndio ulioachwa nje ya katazo, maana Wagogo walikataa katakata kuzika bila watani. Nilipewa gari na ruhusa hadi saa nane mchana. Zulfa, fundi wetu wa mwewe, Mrangi wa Kondoa, alinifungia chupa mbili za maji na kunikumbusha kwamba wingu halina msiba, nirudi kwa wakati.

Ikombo iko njiani. Mbeleje Sogoda, msemaji wa mraba ule, alikuwa amesimama barabarani ananingoja, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani na mwanya mkubwa. Nilikuwa nimemsikia miaka mitatu bila kumwona. Alinitazama juu mpaka chini, akasema kumbe sauti ile yote hutoka kwenye kitu kifupi hivi, kisha akanipa furushi la mlenda mkavu nipeleke msibani. Hakuniachia mpaka nimeona shamba lake. Uwele wao ulikuwa umeota tu, urefu wa kidole, mbegu ya mwisho waliyokuwa nayo, na aliutembeza mkono juu yake bila kuugusa. Alikuwa na furaha. Aliniambia wakipata mvua moja tu wiki hii, ataniita mtani mpaka kaburini.

Nilifika Chilungulu saa tatu na nusu. Shule ndiyo inayotangulia, na kipimo kimesimama uwanjani kwenye nguzo yake nyeupe. Pale palikuwa kijani. Walimu walikuwa wameotesha matembele, mbuzi wanakula majani yaliyofika magotini, nikajisemea moyoni kwamba Elieza ana midomo kweli. Kisha nikatembea kuelekea nyumbani kwake. Hatua mia mbili na kumi kutoka kwenye kipimo ardhi inashuka kwenye korongo, na pale kijani kilikoma. Hakikupungua kidogo kidogo, kilikoma. Ng'ambo ya korongo, yalipo mashamba yote ya kijiji, vumbi lilikuwa jekundu na uwele umejikunja majani, masuke yametoka nusu yakakwama. Ile mvua ya milimita arobaini na mbili ilianguka shuleni, ikafika ukingoni, ikarudi zake juu.

Nilisimama pale nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu aliniambia mara tatu kitu ambacho kilikuwa kweli, na mara tatu nilikifuta kwa kidole kimoja huku nacheka.

* * *

Kazi ya mtani msibani ni kuwakatalia wafiwa. Unaingia kaburini unalala, unasema hapa pamenifaa, mtafutieni marehemu pengine. Unaficha chepeo. Unamwigiza marehemu mpaka wanaolia wacheke na wanaocheka walie, kisha wanakupa kitu kidogo, unatoka, kazi inaendelea. Nilikuwa nimekuja na jembe langu begani kama nilivyoahidi na watu walipiga vigelegele waliponiona.

Niliingia kaburini. Magoti yaliniuma na nikapiga kelele za kweli zilizowafurahisha sana. Nikakataa kutoka. Nikaomba kigoda cha Bibi Nyemo, wakakileta, nikaketi uso upande wa Nyang'oro na kuanza kuwatukana Wahehe kwa sauti yake, mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa Perpetua na miguu yake. Binti zake walishikana mabega. Walicheka machozi yakiwatoka na mimi nilimpenda yule mama ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai.

Sikuwa nimepanga lililofuata. Nilisimama, nikaacha sauti ya Bibi Nyemo, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyewanyima mvua. Kwamba Elieza aliniambia mara tatu mashamba hayakunyeshewa, nami sikufikisha neno lake. Kwamba wingu la Jumatano lilikuwa haki yao.

Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja alijipiga mapaja akasema, huyu leo ametuwezea, anakiri. Kadiri nilivyosema kwamba ni kweli ndivyo walivyozidi kucheka, na mtu akanirushia kuku aliyefungwa miguu, malipo yangu, ili nitoke tuzike. Nani angeniamini? Nimesimama ndani ya kaburi na kuku mkononi.

Elieza peke yake hakucheka. Tulipomaliza kuzika alinichukua nyuma ya nyumba, tukaketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Ni mwanamume mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi, na mikono yake bado ilikuwa na udongo.

"Mara tatu nilikwambia," alisema.

"Nilijua unatania."

"Nilikuwa natania. Ningekwambiaje vingine? Wewe ni mtani wangu. Ningekuja na sura ya kununa ungesema Elieza siku hizi amekuwa mkubwa."

"Pale mezani pana kitufe cha dai. Ungesema tu kwamba ni dai, ningekibonyeza."

Alinigeukia taratibu. "Kitufe gani?"

Hatukuwa tumewaambia. Ofisi ya Anga iliona kwamba wasemaji wakijua habari za vitufe kila neno lingekuwa dai, na mimi niliona hivyo hivyo, nikataniana nao redioni miaka mitatu bila kuwaambia kuwa nachambua maneno yao kama mchele. Nilimweleza yote. Alisikiliza akitoa udongo kwenye kucha.

Kisha alinipa hesabu yake bila hasira. Masuke yale yaliyokwama yakipata maji leo au kesho yatatoka. Keshokutwa ni majani ya mbuzi. Chilungulu ilikuwa imekosa mavuno misimu miwili, huu ulikuwa wa tatu, na mraba ukikosa misimu mitatu hufungwa. Watu wanapelekwa bonde la Kilombero, nyumba zinaachwa, na mwewe hazipiti tena.

"Nimemzika mama," alisema, "mahali ambapo mwakani hapatakuwa na mtu wa kumfagilia kaburi. Hilo sitanii."

* * *

Nilirudi kituoni saa nane kasoro. Jambo la kwanza nilijaribu kubadilisha alama zangu tatu ziwe DAI. Mizani ilikataa kwa heshima. Alama hufungwa baada ya siku moja, na anayetaka kuzifungua huandikia Kamati ya Vipimo, nayo hujibu ndani ya siku tano. Niliandika hata hivyo. Siku tano zilikuwa nyingi mno kwa masuke ya uwele, lakini barua ilibaki kuwa kweli hata ikichelewa.

Wingu lilikuwa moja. Lilikuwa linapanda mbele ya dirisha, tumbo jeusi na kichwa cheupe, upepo ukilisukuma kaskazini. Njia yake ilipita Ikombo kwanza, kisha kilomita kumi na nne mbele, Chilungulu. Mizani ilikuwa imekwisha kuandika: Ikombo. Ilikuwa sahihi kwa kila ilichojua.

Nilimweleza Zulfa. Yeye ni mtu wa mikono na alifikiri kwa mikono. Mwewe zetu hubeba mifuko ya aina mbili ya chachu ya mawingu, alinikumbusha kana kwamba sijui. Ya kushusha ni chumvi nzito, matone yanashikana yanaanguka. Ya kushikilia ni vumbi laini kama poda, linayagawa maji kuwa matone madogo mno kuanguka, na wingu linabebwa likiwa zima, dakika arobaini hivi, si zaidi. Inawezekana kulivusha Ikombo na kulishusha Chilungulu. Inawezekana pia likafa njiani, lisimnyeshee mtu. Aliiuliza Mizani kwa mzaha, kama swali la mafunzo. Ikasema mara sita katika kumi lingefika.

"Mama, tuseme mwewe namba sita imegoma," alisema. "Inagoma kila mwezi, wote wanajua. Tunalikosa kwa Ikombo, linaanguka mbele kwa bahati. Nani atauliza?"

Nakiri nilitamani. Ikombo wangeweza kusubiri. Mizani ilikadiria miche yao ina siku nane, ingawa ni Mizani hiyohiyo iliyosema Chilungulu imenyeshewa. Lakini nilijua jioni ingekuwaje. Mbeleje angepiga redio kuitukana mwewe namba sita na aliyeitengeneza na mama wa aliyeitengeneza, nami ningemjibu, tungecheka pamoja juu ya wingu nililomwibia. Nilikuwa nimekwisha kuutumia utani kujiziba masikio. Sikutaka kuutumia tena kuficha mikono.

Mgawaji ana njia moja ya kuikaidi Mizani. Anafungua redio kwa miraba yote, anatamka kwa mdomo wake anachofanya na sababu yake, na tangu dakika hiyo anahesabiwa ameachia kiti mpaka asikilizwe. Amri yake ya mwisho hutekelezwa. Hakuna aliyewahi kuitumia kabla yangu. Nilimwambia Zulfa ajaze mwewe nne vumbi laini na mbili chumvi. Alinitazama kidogo, akaenda. Nikafungua redio.

Walikuwapo wote, wasemaji kumi na wawili, tayari wanarushiana maneno kuhusu kuku niliyepewa. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Mbeleje Sogoda," nilisema, "hapa mgawaji. Leo wingu lenu nalipitisha juu yenu. Linakwenda Chilungulu."

"Lipitishe ulipeleke wapi, mla mbwa wewe," alisema Mbeleje kwa raha zake. "Nimeshatoa ndoo nje. Hata bibi wa jirani ametoa sufuria."

"Dada, sitanii."

"Na mimi sitanii, sufuria lenyewe halina mfuniko."

Wengine walicheka. Nikasema tena kwamba sitanii, na nikaona kuwa neno hilo halina nguvu yoyote kwenye redio ile, lilikuwa limechezewa kila siku kwa miaka mitatu. Kwa hiyo niliacha kuwaomba waniamini. Nilisoma kumbukumbu za meza yangu kwa tarehe. Nilisoma kila alichosema Elieza, saa aliyosema, na alama niliyoiweka, na hapo nikawaambia vitufe ni nini na kwamba kila mmoja wao amekuwa akichambuliwa. Nilisema wingu la Jumatano nililiandika vibaya mimi, si Mizani. Kadiri nilivyosoma, kicheko kilizimika mraba mmoja baada ya mwingine, mpaka nikasikia upepo kwenye redio ya mtu.

Mbeleje ndiye aliyesema wa kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke nisiyemjua.

"Chilungulu wamekosa nini?"

"Hawajakosa."

"Na Ikombo tumekosa nini?"

"Hamjakosa. Aliyekosa ni mimi."

"Basi lipa wewe," alisema. "Kwa nini nilipe mimi?"

Nilimwambia hapaswi kulipa. Nilimwambia miche yake ina siku nane kwa kadirio la mashine, kwamba sijui kama ni kweli, na kwamba yeyote atakayekaa kwenye kiti changu nitamwachia maandishi aanze na Ikombo. Alisema kitu kimoja tu, tena kwa upole: nisimwite dada, wala nisimwite mtani. Kisha akaondoka redioni.

* * *

Mwewe nne zililikuta wingu saa kumi kasoro dakika kumi. Kwenye kioo vumbi laini halionekani, unaona tu tumbo la wingu likipauka kidogo. Lilipita juu ya Ikombo likinguruma. Kamera ya mwewe ilikuwa inatazama chini na sikuizima, niliona ni wajibu wangu kutazama. Watu walikuwa wamesimama nje ya nyumba zao na vyombo vyao miguuni. Hakuna aliyerusha jiwe. Walitazama juu likienda, na kivuli chake kikapita juu ya miche yao, na nafikiri matone machache yaliwafikia maana niliona mtoto mmoja akiangalia kiganja chake.

Zulfa alihesabu dakika kwa sauti. Thelathini. Thelathini na tano. Radi ilipiga mara mbili ndani ya wingu na mwewe moja ikapotea. Kwenye dakika ya thelathini na nane ukingo wa wingu ulivuka korongo la Chilungulu, na nikasema sasa, na zile mbili zikamwaga chumvi.

Kwa dakika nzima hakikutokea kitu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaza namna ya kuishi baada ya kuwanyima wote wawili. Halafu vumbi jekundu la mashambani likawa na madoa, madoa yakashikana, na ardhi yote ng'ambo ya korongo ikageuka rangi ya kahawia nzito. Ilinyesha dakika ishirini na sita bila kupumua. Zulfa alilia, mimi nikaandika saa na dakika.

Kipimo cha shuleni kilisoma sifuri. Hata tone halikuvuka upande ule. Kwa hiyo mbele ya Mizani mambo yalikuwa hivi: mgawaji amekaidi, amewanyang'anya Ikombo wingu lao, na Chilungulu haijapata kitu. Ningepeleka kamera kwenye kamati, na kamati wangeniuliza kama picha inaweza kupima milimita. Lilihitajika neno la mtu aliyesimama shambani, kipimo kikubali kisikubali, na mtu huyo alikuwa mmoja.

Nilimwita Elieza kabla mvua haijakatika. Nilisikia mvua kabla ya kumsikia yeye, maji yanapiga bati, watu wanapiga kelele mbali, na nilifurahi, nilifurahi kweli, nikakaa sawa kwenye kiti kungoja nitukanwe. Nilijua lingekuwa tusi kubwa, la siku ya msiba na mvua pamoja.

"Shikamoo, mgawaji," alisema Elieza Chilewa.

Nilidhani anajiandaa. Lakini aliendelea kwa sauti iliyonyooka, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya meza ya ofisi. Alisema anatoa dai. Mvua imenyesha mashamba yote ya ng'ambo kuanzia saa kumi na dakika ishirini na tisa, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, uwele umeinua majani, naye yuko tayari kuapa popote atakapoitwa. Alitaja jina lake kamili. Alisema wananchi wa Chilungulu wanashukuru sana kwa kutendewa haki.

Alichagua kila neno lisiweze kuchekesha. Alikuwa amejifunza, siku ileile na kwa gharama ile, namna ya kusema nami ili nisikie, na nilijua hataongea nami vinginevyo tena.

Aliningoja. Mtu mzima akikupa shikamoo huwezi kuiacha hewani.

"Marahaba," nikasema, na yeye akaaga kwa adabu, akafunga redio.